Je, Wajua? Laptopu Inapokataa Kushika Wi-Fi

Je, wajua kwamba "haishiki Wi-Fi" si tatizo moja bali ni matatu? La kwanza: jina la mtandao halionekani kabisa kwenye orodha. La pili: jina linaonekana, lakini ukilibofya laptopu inahangaika, kisha inagoma. La tatu: imeunganishwa, alama iko palepale, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Tatizo la kwanza mara nyingi liko ndani ya laptopu yenyewe. La pili liko kati ya laptopu na ruta, kwenye nenosiri au kwenye mipangilio ya usalama. La tatu mara nyingi halihusu laptopu hata kidogo. Anayeyachanganya haya ndiye anayeishia kufomati kompyuta nzima, picha za familia na kazi za chuo zikapotea, kumbe bando la ruta lilikwisha tangu asubuhi.

Je, wajua kwamba kipimo cha haraka kuliko vyote kiko mfukoni mwako? Chukua simu, zima data, iunganishe na Wi-Fi ileile, kisha fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Hilo la kuzima data ndilo linalosahaulika. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kwenye data kimyakimya, nawe unabaki unaapa kwamba "mbona kwenye simu inafanya kazi". Ukurasa ukifunguka huku data imezimwa, rudi kwenye laptopu. Usipofunguka, achana na laptopu. Hitilafu iko kwenye ruta au kwa kampuni inayokuuzia intaneti.

Je, wajua kwamba kuzima laptopu na kuiwasha tena si sawa na kubofya Restart? Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ukibofya Shut down mfumo hauzimiki wote. Kiini chake, pamoja na hali ya draiva, yaani programu ndogo zinazoongoza vifaa kama kadi ya Wi-Fi, huhifadhiwa kwenye diski ili kompyuta iwake haraka siku inayofuata. Kadi iliyokwama jana usiku inaweza kuamka asubuhi ikiwa imekwama vilevile. Ukichagua Restart, kiini huanza upya. Ndiyo maana fundi anabofya mara moja tu, laptopu inashika mtandao, nawe unashangaa kwa sababu umekuwa ukiizima na kuiwasha tangu jana. Ukitaka Shut down iwe ya kuzima kabisa, shikilia kitufe cha Shift unapoibofya.

Je, wajua kwamba laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni ya kuzimia Wi-Fi? Inaweza kusukumwa na mkoba tu bila mtu kujua. Laptopu za sasa zimehamishia kazi hiyo kwenye safu ya juu ya kibodi, kwenye kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara unaorusha mawimbi. Wanaotumia Ubuntu wanaweza kuandika amri ya rfkill list, nayo itawaambia kama Wi-Fi imefungwa kwa swichi au kwa programu.

Je, wajua kwamba nenosiri la Wi-Fi za siku hizi lazima liwe na herufi zisizopungua 8 na zisizozidi 63? Ukiandika saba, kompyuta haisumbuki hata kulituma kwa ruta. Na kwenye laptopu ndogo za zamani zisizo na vitufe vya namba pembeni, Num Lock ikiwa imewashwa, J huandika 1, K huandika 2 na L huandika 3. Mtu anaandika nenosiri sahihi kabisa kwa vidole, huku skrini inaonyesha vidoti tu, na ruta inapokea kitu kingine. Bofya alama ya jicho ulione unaloandika.

Wajua pia kwamba laptopu hukumbuka nenosiri la zamani na kuendelea kulijaribu hata baada ya mwenye ruta kulibadilisha? Iambie iusahau mtandao huo, kisha uunge upya. Ni hatua ya nusu dakika, na inapaswa kujaribiwa kabla ya nyingine nyingi.

Je, wajua kwamba antena za Wi-Fi za laptopu nyingi zimefichwa kwenye fremu ya kioo? Hapa inafaa tukae kidogo. Ukifungua kifuniko cha chini cha laptopu ya miaka ya karibuni utaiona kadi ya Wi-Fi: kipande chenye upana wa milimita 22 na, mara nyingi, urefu wa milimita 30, kimeshikwa na skrubu moja. Juu yake zimebandikwa nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida mmoja mweusi na mwingine mweupe, kila mmoja ukiishia kwenye kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha milimita mbili tatu. Kichwa hicho hukandamizwa kwa ukucha mpaka kilie "tik". Kutoka hapo nyaya hupita kandokando ya ubao mkuu, zikaingia kwenye bawaba, zikapanda hadi ukingoni mwa kioo, nako ndiko antena zenyewe ziliko.

Sasa fikiria laptopu iliyobadilishwa kioo, au ile ambayo bawaba yake ilivunjika ikarudishwa kwa gundi. Waya ukibanwa, au kichwa kikichomoka, laptopu haifi. Inashika mtandao ikiwa mezani kando ya ruta, na ukihamia chumba cha pili inaupoteza. Hakuna draiva, wala kufomati, kutakakorudisha waya uliochomoka. Kama tatizo lako lilianza siku laptopu iliporudi kutoka kubadilishwa kioo, kibodi au feni, anzia hapo, na umwombe fundi azikague nyaya hizo ukiwa umesimama naye. Ni kazi ya bisibisi na dakika chache, na ni haki yako kuiona.

Je, wajua nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye nyaya hizo? Ruta ya nyumbani hurusha takribani sehemu moja ya kumi ya wati. Yanayokufikia ukiwa chumba cha mbali yanaweza kuwa sehemu moja ya bilioni kumi ya wati, na bado laptopu inasoma barua pepe na kuonyesha video. Programu za kupimia huandika hali hiyo kama -70 dBm. Ukiona -60, mawimbi yana nguvu mara kumi zaidi. Ukiona -80, yamepungua mara kumi. Ukifika huko kwenye 80 usilaumu nenosiri. Sogea.

Na je, wajua kwamba vile vijistari vya mawimbi kwenye kona ya skrini huonyesha jinsi laptopu inavyoisikia ruta, si jinsi ruta inavyoisikia laptopu? Laptopu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta nyingi. Ndiyo maana unaweza kuwa na vijistari vya kutosha na bado usijibiwe.

Je, wajua kwamba "5G" inayoonekana mwishoni mwa jina la Wi-Fi yako haina uhusiano na 5G ya kampuni za simu? Ile ya simu ni kizazi cha tano cha mitandao ya mkononi. Ile ya ruta ni masafa ya gigahezi 5. Ruta nyingi za sasa hurusha mitandao miwili kwa pamoja, mmoja wa gigahezi 2.4 na mwingine wa gigahezi 5, na kadi nyingi za laptopu za bei nafuu za miaka kumi na zaidi iliyopita zinajua ule wa kwanza tu. Mwenye laptopu kama hiyo anaona jina moja huku rafiki yake anaona mawili, naye anadhani kadi yake imekufa. Haijakufa. Ruta ikiwa imepangwa irushe gigahezi 5 peke yake, laptopu hiyo haitaona chochote mpaka mwenye ruta awashe 2.4.

Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu, na ya gigahezi 5 yana takribani sentimita 6. Haya mafupi hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka mapema yakikutana na ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ni mahali ambapo tofauti hii inaonekana wazi: uani unashika ule wa 2.4, ule wa 5 umebaki sebuleni. Zege lenye nondo, bati, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la maji navyo huyazuia mawimbi. Kama ruta yako iko ndani ya kabati la chuma au nyuma ya televisheni, itoe.

Je, wajua ni kwa nini oveni ya mikrowevu huvuruga Wi-Fi? Mikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, katikati kabisa ya masafa ya Wi-Fi ya 2.4. Haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu mawasiliano bila leseni katika masafa ambayo tayari yalikuwa yameachiwa mashine za viwandani, za hospitali na za jikoni. Hakuna aliyeyagombea, kwa kuwa yalikuwa na kelele. Wi-Fi ilizaliwa humo, na kiwango chake cha kwanza, 802.11, kikatolewa mwaka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 tu kwa sekunde.

Kelele za mikrowevu zimewahi kuwapoteza hata wataalamu wa anga. Kwenye darubini kubwa ya redio ya Parkes, Australia, kwa miaka mingi zilinaswa ishara za ajabu ambazo hakuna aliyejua zinatoka wapi. Mwaka 2015 watafiti walimpata mkosaji: mikrowevu ya hapohapo kituoni, pale mtu alipofungua mlango wake kabla haijamaliza kazi.

Na unajua kwamba Australia hiyohiyo ndiyo iliyotoa moja ya nguzo za Wi-Fi? Mhandisi John O'Sullivan na wenzake wa shirika la CSIRO walitumia hesabu zilizokuwa na mizizi katika utafiti wake wa kutafuta mawimbi ya mashimo meusi yanayolipuka. Mashimo hayo hayakupatikana. Lakini hesabu zilisaidia kusafisha mawimbi yanayogonga kuta na kurudi kama mwangwi, jambo lililokuwa likikwamisha mawasiliano ya ndani ya nyumba. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1996, na kesi zilizofuata ziliiletea CSIRO zaidi ya dola milioni 400 za Australia.

Je, wajua kwamba hata diski ya nje ya USB 3 inaweza kuinyamazisha Wi-Fi? Kampuni ya Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba kebo na vifaa vya USB 3 hutoa kelele katika masafa ya 2.4. Diski ikiwa imechomekwa jirani na antena, kasi inashuka au mtandao unakatika. Ichomoe ujaribu. Ikiwa ndiyo yenyewe, tumia kebo ndefu kidogo au hamia gigahezi 5.

Bluetooth nayo hukaa humohumo kwenye 2.4, na katika laptopu nyingi hutumia kadi ileile ya Wi-Fi. Inasalimika kwa kurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Wazo la redio inayorukaruka masafa lina historia ndefu, na mmoja wa walioliwekea hataza, mwaka 1942, ni mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil. Mtambo wao wa kuongoza torpedo ulikuwa na masafa 88, idadi sawa na vitufe vya piano.

Je, wajua kwamba laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isione Wi-Fi ambayo kila mtu chumbani anaiona? Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli. Marekani hutumia za 1 hadi 11. Nchi nyingi nyingine huruhusu hadi 13. Ya 14 iliruhusiwa Japani pekee. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, laptopu iliyopangiwa Marekani hupita kana kwamba hakuna kitu. Laptopu za mtumba kutoka Marekani ni nyingi kwetu, kwa hiyo jambo hili linastahili kujulikana madukani. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea chaneli ya 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani, na ndizo zinazofaa hata kwa majirani mnaoishi ghorofa moja.

Kwenye gigahezi 5 kuna jambo jingine. Baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Ruta iliyo kwenye chaneli hizo inatakiwa isikilize kwanza kwa angalau dakika nzima kabla ya kurusha, na ikisikia rada inapaswa kuhama ndani ya sekunde 10 na isirudi hapo kwa dakika 30. Kwa hiyo mtandao wa 5 unaopotea ghafla na kurudi baadaye si lazima uwe na kasoro yoyote. Weka chaneli ya 36 hadi 48, uondokane na habari ya rada.

Je, wajua kwamba kuna namba moja inayoweza kukueleza tatizo lako kabla fundi hajafika? Fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ipconfig, ubofye Enter. Tafuta mstari wa IPv4 chini ya Wi-Fi. Ukiona kitu kama 192.168.1.23, laptopu imepewa anwani na ruta. Mambo ya kati yenu ni shwari, nenda ukatafute tatizo mbele. Ukiona namba inayoanza na 169.254, laptopu imeomba anwani, haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Na anwani ya kujipa haikufikishi kwenye intaneti. Kompyuta za Apple hufanya vivyo hivyo, na huandika wazi kwamba anwani hiyo ni ya kujipangia. Hapo andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, uombe upya. Ikirudi 169.254 ileile, zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe, uipe muda wa kuamka.

Mbona ruta inakataa kutoa anwani? Mara nyingine zimekwisha. Ruta ya nyumbani kwa kawaida ina anwani zisizozidi 253 za kugawa, na ikipangwa vibaya huwa na chache zaidi. Vile viruta vidogo vya laini ya simu ni wachoyo zaidi: vingi hukubali vifaa 10 tu kwa wakati mmoja. Hesabu simu za wageni, televisheni, kamera ya getini na tableti ya mtoto, utaona jinsi laptopu inavyobaki nje. Mwingine anaweza kuwa amewasha kichujio kinachokubali vifaa vilivyoorodheshwa tu. Hilo muulize mwenye ruta.

Je, wajua kwamba saa ya laptopu ikikosea, kurasa nyingi zinakataa kufunguka? Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na Septemba 2020 vyeti vipya vya umma viliwekewa kikomo cha siku 398. Laptopu inayodhani bado tuko mwaka 2015 huona vyeti vyote ni batili. Mwenyewe anaona Wi-Fi imeshika, kivinjari kinalia kuhusu usalama, na anadhani ni virusi. Mara nyingi ni betri ya saa, kile kidonge cha volti 3 chenye kipenyo cha milimita 20 kiitwacho CR2032, ambacho katika laptopu nyingi za zamani kimejificha chini ya kifuniko. Rekebisha tarehe kwanza. Ikirudi nyuma kila unapoizima laptopu, badilisha betri hiyo.

Je, wajua jinsi Windows inavyoamua kukuandikia "hakuna intaneti"? Huchukua faili moja dogo kutoka msftconnecttest.com lenye maneno matatu: Microsoft Connect Test. Ikilipata, inatulia. Isipolipata, inaweka alama ya onyo. Kwa hiyo VPN, programu ya kuzuia virusi au mipangilio ya proksi iliyobaki kutoka ofisini inaweza kuizuia ilisome, na ukapewa onyo huku intaneti ipo. Kinyume chake hutokea hotelini na uwanja wa ndege: Wi-Fi haina nenosiri, laptopu inaingia, lakini ukurasa wa kukubali masharti haujitokezi. Andika neverssl.com kwenye kivinjari. Tovuti hiyo iliundwa makusudi isitumie usimbaji, ili ukurasa wa kuingilia upate pa kutokea.

Je, wajua kwamba unaweza kuwa na intaneti kamili na bado tovuti zisifunguke? Kompyuta huwasiliana kwa namba, na mfumo wa kugeuza majina kuwa namba, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Mike Muuss aliandika programu ya ping, ambayo imo kwenye laptopu yako hadi leo. Andika ping 8.8.8.8, yaani huduma ya majina ya Google iliyoanza Desemba 2009. Ikijibu, njia ya kwenda duniani iko wazi. Kisha andika ping na jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina likakosa kupatikana, kilichoharibika ni DNS peke yake. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya mtandao wako, tatizo linaweza kuisha hapohapo.

Je, wajua kwamba ruta mpya inaweza kumkatalia mteja mzee? Usalama wa kwanza wa Wi-Fi, WEP, ulivunjwa mwaka 2001. WPA2 ukaja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Ruta ikiwekwa WPA3 pekee, laptopu ya mwaka 2012 inaona jina, inaandikiwa nenosiri sahihi, na haiingii. Chagua mpangilio unaochanganya WPA2 na WPA3. Kurudi WEP kwa ajili ya kompyuta moja ni kosa. Mtu mwenye laptopu na muda kidogo anaufungua.

Je, wajua kwamba simu yako inaweza kuiletea laptopu intaneti bila Wi-Fi yoyote? Baada ya kufomati, laptopu nyingi hukosa draiva ya Wi-Fi, na draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inahitaji draiva. Watu hukwama hapo siku nzima. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, washa chaguo la kushiriki intaneti kwa USB, na laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Epuka programu za "kutafuta draiva zote" zinazojitangaza. Nyingi huleta matangazo na matatizo mapya.

Wi-Fi inayokatika kila laptopu inapoamka usingizini nayo ina sababu yake. Windows imeruhusiwa kuizima kadi ili kuokoa betri, na wakati mwingine kadi haiamki vizuri. Ingia Device Manager, fungua jina la kadi, na kwenye ukurasa wa Power Management ondoa tiki ya ruhusa hiyo.

Kwa wenye faiba: kile kisanduku cha ukutani kina taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka kwa kampuni. Waya umekatika au umekunjwa mno mahali fulani. Usiguse laptopu wala ruta; piga simu.

Je, wajua kwamba tatizo linaweza kuwa chini ya bahari? Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 juu, na kila ombi lilichelewa takribani nusu sekunde. Mwaka huo ikafika mikongo ya SEACOM na TEAMS, na mwaka 2010 EASSy, wenye urefu wa takribani kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwemo. Siku kama hiyo laptopu zote ni nzima, na bado barua pepe haziendi.

Kuna njia ya kutambua hali hiyo. Kampuni za mtandao hubadilishana data humu ndani kupitia vituo kama KIXP cha Kenya na TIX cha Tanzania, kwa hiyo tovuti iliyohifadhiwa nchini inaweza kufunguka vizuri wakati za ng'ambo zimekwama. Ukiona za nyumbani zinafunguka na za nje zinasuasua, kompyuta yako haina deni.

Na kadi ikiwa imekufa kweli? Hutokea. Device Manager haiioni kabisa, hata baada ya Restart na draiva mpya. Laptopu nyingi zinakubali kadi nyingine, ingawa baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa hiyo uliza kabla hujanunua. Vinginevyo kuna kadi ya nje ya USB: inachomekwa, inawekewa draiva, na laptopu inaendelea na kazi. Kabla hujakubali kuambiwa ununue laptopu mpya kwa sababu ya Wi-Fi, azima kadi hiyo ya USB kwa mtu uijaribu.